Sahani Isiyo na Jibini

Kabla hakujapambazuka, kijiko kiligonga ukingo wa sufuria, kikanyamaza, kisha kikagonga tena. Inspekta Lucreția Bârsan alifumbua macho akasikiliza. Jikoni, Bibi Paraschiva alikuwa akikoroga ngano ya sadaka ya wafu, na kwa kuwa alijua mgeni wake amelala chumba cha pili, kila kijiko kilipogonga alikishika kwa kiganja ili mlio ufe upesi.

Lucreția alivaa akatoka. Viatu vyake, alivyoviacha mlangoni jana vikiwa vimeloa tope, alivikuta vimesogezwa karibu na jiko, vimekauka.

"Nimekuamsha, mwanangu," alisema bibi bila kugeuka.

"Nilikuwa macho."

"Mwongo. Ulikuwa unakoroma kama trekta la ushirika. Kaa ule. Leo Jumamosi ya Wafu, hakuna anayetoka nyumba hii na tumbo tupu, hata awe polisi."

Akamsogezea sahani iliyofunikwa kwa kitambaa. Lucreția alifunua. Palikuwa na vipande vya mkate vilivyopakwa jamu ya plamu, na juu ya jamu, pilipili hoho za kwenye siki zilizokatwakatwa.

"Umebuni wewe hii, bibi?"

"Mimi? Mungu apishe mbali. Kaileta Eudochia jana magharibi, wewe hujarudi. Sadaka ya wafu." Bibi alikaa, akajifuta mikono kwenye aproni. "Nina miaka mingi katika kijiji hiki cha Bradova, na sijawahi kupokea sahani ya maiti isiyo na jibini. Maskini wa mwisho ataweka jibini. Ataweka kipande kama ukucha, lakini ataweka."

"Na kwa nini jana? Watu hawagawi leo, baada ya kanisa?"

"Ndivyo nilivyomuuliza. Akasema leo ana kazi. Kazi gani Jumamosi ya Wafu? Nikamuuliza, kwa roho ya nani, maana nikipokea lazima nimtaje. Kawaida wanakwambia kabla hujafungua mlango. Kwa roho ya baba, kwa roho ya Ilarie wangu. Yeye akasema, 'Mungu anajua jina.' Akanikabidhi, akaenda zake. Nikabaki na sahani mkononi kama mtu aliyepewa mtoto wa watu."

Lucreția alihamisha vipande vya mkate kwenye ubao, akakiacha kimoja mkononi akikila taratibu, na akaiinua sahani kuelekea kwenye taa. Ilikuwa ya kaure nyeupe, nyembamba. Mstari wa buluu ulianzia ukingoni ukaelekea katikati, na njiani ulikuwa umevuja pande zote, kama wino ulioangukia karatasi mbichi. Akaigeuza. Chini hapakuwa na muhuri.

Alikuwa ameshazoea kuzigeuza sahani. Wiki tatu alikuwa akija na kurudi Bradova kwa ajili ya Tiberiu Vlaicu, mtu wa tanuru, aliyeondoka na gari dogo la mizigo siku chache baada ya Pasaka na hakuonekana tena, yeye wala gari. Tiberiu na mkewe Smaranda walikuwa na kampuni ndogo iitwayo Talger. Wasanii wa mji wa Cluj na wa nchi za mbali walichora, wao wakafinyanga, wakachoma, wakauza: sahani, bakuli, vikombe. Chini ya kila kimoja palikuwa na muhuri wa Talger na jina la msanii. Kila kimoja, isipokuwa vya majaribio.

"Bibi, hii naichukua. Nitakurudishia."

"Ichukue. Lakini iliyotolewa kwa ajili ya maiti haivunjwi. Itakuwa umemvunjia yeye kule."

"Kule wanakula?"

Bibi alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza kama kuku hutaga. "Kinachotolewa huku, kinafika kule. Sahani, kikombe, chakula. Asiyepewa anakula kwa viganja."

*

Karakana ya Talger ilikuwa ndani ya kiwanda cha zamani cha maziwa, chini ya kilima cha kanisa. Kengele zilikuwa zikilia na wanawake walipanda kilima na vikapu vyao. Smaranda Vlaicu hakupanda. Alikuwa amekaa peke yake kwenye meza ndefu, akifuta vitako vya vikombe kwa sponji mbichi na kuvipanga mstari.

Sajenti Vichentie, aliyemwendesha Lucreția, alivua kofia, akaona ndoo ya maji imechafuka, akaichukua kimya akaenda kuibadilisha.

"Kuna jipya?" Smaranda aliuliza. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayesoma tangazo la treni.

"Nina maswali. Hukwenda kanisani?"

"Nikienda na mshumaa, nimemuua mimi. Nisipoenda, na kama amekufa, leo wafu wote wanakula na yeye anawatazama." Aliweka kikombe kwenye mstari, akachukua kingine. "Kwa hiyo nafuta vikombe."

Lucreția alivuta kiti. Mkoba wenye sahani aliuweka sakafuni, umefungwa. Swali la kwanza alitaka lijibiwe kabla sahani haijaonekana.

"Mlikuwa mnakula hapa hapa, wafanyakazi wote?"

"Hapa. Meza hii."

"Tiberiu alipenda kula nini?"

Smaranda alisimamisha sponji. "Umeniuliza kama alikuwa na mwanamke. Umeniuliza kama alikuwa na tiketi ya Hispania. Sasa unauliza chakula?"

"Nauliza chakula."

"Jibini alikuwa haligusi. Harufu tu, anatoka nje. Anafanya kazi kiwanda cha maziwa na hagusi jibini, watu walimcheka mpaka wakachoka. Mkate na jamu ya plamu. Na juu yake pilipili za siki." Kitu kidogo kilipita mdomoni mwake, hakikufika kuwa tabasamu. "Eudochia alikuwa anamwambia, 'Bwana wewe, una mimba.'"

Eudochia ndiye aliyebandika michoro. Kwa miaka mingi alikuwa akikaa mwisho wa meza hiyo hiyo, akiloweka karatasi za wasanii na kuzitelezesha juu ya sahani kwa vidole vyake vinene visivyotetemeka. Leo kiti chake kilikuwa kitupu.

Lucreția alifungua mkoba, akaiweka sahani mezani.

Smaranda aliitazama bila kuigusa. "Imetoka wapi?"

"Kwenye nyumba moja kijijini."

"Basi haisemi kitu. Mabovu yetu yako kila nyumba. Mchungaji wa kondoo wa kule juu ana bakuli la msanii wa Berlin, mbwa wake ndiye anaywea. Tunatakiwa kuyavunja, mkataba unasema hivyo, lakini nani ana moyo? Watu wanabeba, sisi tunatazama pembeni."

"Hii ni ya nani?"

"Mstari wa buluu ni wa Cezara. Muulize, yuko nyuma anapika supu."

*

Cezara Iuga, mchoraji kutoka Cluj, ndiye ambaye kijiji kizima kilisema ametoroka na Tiberiu. Ilikuwa vigumu kuendelea kusema hivyo tangu alipokuja na begi lake kulala karakanani ili Smaranda asiwe peke yake, lakini kijiji kilijitahidi. Alikuwa na nywele fupi za mvi na sweta la mwanamume. Kwenye jiko la umeme sufuria ilitokota.

"Umekuja kunikamata au kuonja?" aliuliza.

"Nionje kwanza."

Akampa kijiko. Lucreția akaonja, akaongeza chumvi bila kuomba ruhusa, kisha akaiweka sahani kando ya jiko.

Cezara aliacha kukoroga. Aliichukua kwa mikono miwili akaipeleka dirishani. Akakaa nayo pale.

"Hii nilisema ivunjwe," alisema hatimaye.

"Kwa nini?"

"Mstari wangu ulikuwa mkavu, umenyooka kama uzi. Tiberiu akapandisha moto kupita kiasi, buluu ikakimbia. Kreti nzima. Nikamwambia avunje. Akasema ni nzuri kuliko nilivyochora. Nikamwambia afanye kazi yake ya kuchoma, kuchora aniachie mimi. Ndio huo ugomvi wetu mkubwa ambao kila mtu amekusimulia."

"Hazikuvunjwa."

"Hapana. Alizipanga kwenye nyasi kavu, akapigilia misumari, akapakia garini. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni. Akasema anazipeleka Cluj kwa mwenye ukumbi wa maonyesho, yeye ndiye aamue. Akaondoka nazo, na mimi sikumuaga."

"Zote? Hakuna iliyobaki?"

"Zote. Alijua ikibaki moja nitaivunja."

"Kwa nini hukunieleza habari za kreti?"

"Uliniuliza kama nililala naye. Kreti hukuuliza."

Lucreția alilikubali hilo. Lilikuwa kosa lake. Cezara bado alikuwa dirishani, akiizungusha sahani kidogo kidogo.

"Alikuwa amesema kweli," alisema. "Ni nzuri." Akaiweka chini, akarudi kukoroga supu.

*

Barabarani mvua ilianza. Vichentie aliendesha polepole, kwa sababu wanawake walikuwa wakishuka kutoka kanisani na hakutaka kuwarushia maji.

"Labda mama wa watu kaiokota tu," alisema. "Kreti imeanguka kutoka garini, yeye kapita, kachukua."

"Ukiokota sahani unafanya nini?"

"Naitia supu."

"Yeye kaitoa sadaka."

"Kamtolea marehemu mumewe."

"Mumewe alikuwa na kazi gani?"

Vichentie alifikiri. "Kondoo."

"Na mtu wa kondoo anapelekewa mkate na pilipili, bila jibini?"

Walikuwa wamefika darajani. "Kwa hiyo," alisema sajenti, "mtu ambaye sisi tunamtafuta akiwa hai, mama huyu kampelekea chakula cha wafu."

"Ndiyo. Na hakuthubutu kumtaja."

"Angezitupa sahani mtoni, tusingejua mpaka kiama."

"Angezitupa, na Tiberiu angekula kwa viganja," Lucreția alisema. "Simama hapo kwenye lango la kijani."

Uani palikuwa na trekta lenye mnyororo mnene wa kuvutia magogo. Chini yake miguu ya mwanamume ilionekana, na nyundo ilikuwa ikigonga chuma. Huyo alikuwa Pamfil, mtoto pekee wa Eudochia. Vichentie alibaki uani, akasimama kwenye mvua akiliangalia trekta kama mtu anayetaka kulinunua.

Eudochia alikuwa jikoni, amekaa, mikono juu ya mapaja. Mezani hapakuwa na kitu. Alipomwona Lucreția hakushtuka, alisimama akafuta kiti kwa aproni yake, kisha akakaa tena.

"Mama Eudochia, jana ulimpa Bibi Paraschiva sahani."

"Nilimpa."

"Kwa roho ya nani?"

"Ya wafu wetu."

"Yupi? Mumeo?"

"Yeye pia."

"Mumeo alipenda jamu na pilipili?"

Eudochia alitazama mlango. Nyundo uani ilikuwa bado ikigonga. "Kila mtu na tumbo lake," alisema.

"Smaranda ameniambia leo Tiberiu alikula nini. Sikumtajia sahani kwanza. Na Cezara ameniambia kreti ile iliondoka na nani. Kwa hiyo sikuulizi kama unajua. Nakuuliza yuko wapi."

Lucreția hakumharakisha. Paka alipita chini ya meza akatoka.

"Kwenye shimo la udongo," alisema Eudochia. "Lile la zamani la kuchimba udongo, lililojaa maji, pale kwenye kona ya barabara."

"Nieleze."

"Pamfil alikuwa anavuta magogo kutoka msitu wa serikali. Hana kibali, kwa hiyo alikuwa amezima taa. Jua limeshazama, mvua kama hii. Amekata kona, magogo yamelala barabara nzima. Tiberiu akaja. Akageuza usukani kulikwepa trekta." Mkono wake ulitoka kwenye paja, ukageuka, ukarudi. "Kreti ikarushwa, ikabaki ukingoni kwenye majani. Gari likaenda."

"Pamfil alishuka kumtoa?"

"Pamfil hajui kuogelea."

"Gari lilizama mara moja?"

"Anasema lilielea kidogo. Kisha halikuelea." Alikunja pindo la aproni. "Nilimuuliza kama Tiberiu aliita. Akasema hapana. Sikumuuliza mara ya pili."

Lucreția aliandika. Kalamu ilikwaruza karatasi kwa muda mrefu kuliko maneno yenyewe yalivyohitaji.

"Na wewe ukaendelea kwenda kazini."

"Kila siku. Nimekaa meza moja na Smaranda, nambandikia michoro, namwambia atarudi. Kisha arobaini yake ikapita. Hakuna mshumaa, hakuna mkate, hakuna kitu. Mtu aliyewatengenezea sahani watu wengi hivyo." Aliinua macho. "Nikasema, sahani zake, alizookota Pamfil, ziko chini ya kitanda changu. Angalau moja apelekewe."

"Nyumba ziko nyingi Bradova, Mama Eudochia. Ukachagua ya Paraschiva."

"Paraschiva ni mjane."

"Wajane mko wengi pia. Mimi nalala kwa Paraschiva, na wewe unajua. Uliniona pale."

Eudochia aliitazama mikono yake, upande mmoja na upande mwingine. "Anaosha vyombo vizuri," alisema.

Hilo Lucreția hakuliandika.

Nyundo ilikuwa imenyamaza. Pamfil alisimama mlangoni, mkubwa, ameinama kidogo kwa sababu mlango ulikuwa mfupi, mikono imejaa grisi. Aliangalia daftari, akamwangalia mama yake.

"Umemwambia."

"Vaa koti," alisema mama. "Mvua inanyesha."

Hakukimbia. Alinawa mikono kwenye beseni, mama akamshikia taulo, kisha akamfunga vifungo vya koti kuanzia juu hadi chini, ingawa alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu. Vichentie alikuwa na pingu mfukoni, na hakuzitoa mpaka walipopita lango, wakakingwa na ukuta mama asione.

Lucreția alizivuta sahani kutoka chini ya kitanda. Zilikuwa bado kwenye nyasi zake. Eudochia alizitazama zikipita.

"Mwakani," alisema, "hakuna atakayepokea sadaka mkononi mwangu."

Lucreția alilifunga jiko lililokuwa linavuja moshi, akamwekea kuni mbili karibu, akatoka.

*

Zimamoto wa wilaya walifika na kulabu zao saa za alasiri. Pamfil alinyoosha kidole kutoka ndani ya gari la polisi. Mara ya kwanza kulabu ilileta tawi. Mara ya pili haikuleta kitu, ila kamba ilikazika, na kijana wa zimamoto akasema, "Chuma," na wote wakaacha kuzungumza.

Lucreția alikaa pale mpaka alipoona kwa macho yake. Kisha akaenda kwa miguu hadi karakanani, kwa sababu gari lilikuwa limemchukua Pamfil, na kwa sababu hakutaka Smaranda asikie ngurumo ya gari akasimama kwa matumaini.

Smaranda alikuwa bado mezani. Mstari wa vikombe ulikuwa umefika mwisho wa meza na kuanza wa pili. Cezara alikuwa amekaa karibu yake, na bakuli la supu lililopoa mbele yao halikuguswa.

"Sema tu," alisema Smaranda.

"Gari limepatikana kwenye shimo la udongo."

"Yumo ndani?"

"Yumo."

Smaranda alikimaliza kikombe alichokuwa nacho, kitako na ukingo, akakiweka mahali pake. Cezara alifunika uso. Smaranda hakufunika.

"Kwa muda gani?"

"Tangu jioni ile ile. Hakufika kokote. Hakwenda Hispania, hakwenda Cluj."

"Nani anajua?"

Lucreția alimweleza yote, kwa mpangilio, bila kupunguza: trekta, kona, maji, kreti chini ya kitanda. Alipofika kwenye sadaka ya jana, Smaranda aliinua mkono kumsimamisha.

"Eudochia alimpa chakula?"

"Ndiyo."

"Kabla yangu."

"Kabla yako."

Alikaa na hilo. Haikuwezekana kujua linamwangukia upande gani. Nje mvua ilikuwa imekoma na mwanga wa njano uliingia kupitia madirisha ya juu ya kiwanda.

"Jua limezama?" aliuliza.

"Bado."

Smaranda alisimama. Alikwenda kwenye rafu akachukua sahani ya kwanza aliyoifikia, isiyo ya Cezara wala ya mtu maalumu. Alikata mkate. Alitafuta kitu cha kuuongezea, akafungua makabati mawili, hakuona, akaacha. Cezara alimtafutia mshumaa kwenye droo ya vifaa vya umeme. Ulikuwa mfupi na umepinda, lakini uliwaka. Smaranda alidondosha nta kidogo pembeni mwa sahani akausimamisha mshumaa, akaja mbele ya Lucreția na kumnyooshea kwa mikono miwili.

"Chukua. Kwa roho ya," alisema, akasimama hapo. Mwali uliyumba kwa pumzi yake. Akaanza upya. "Chukua. Kwa roho ya Tiberiu."

"Mungu amsamehe Tiberiu," alisema Lucreția, akaipokea. Akakaa akala, kwa sababu chakula cha namna ile hakibebwi kwenda kuliwa njiani. Mkate ulikuwa wa jana na ulihitaji kutafunwa. Wanawake wawili walimtazama akila mpaka kipande cha mwisho, na Smaranda akamkusanyia makombo kwa ukingo wa kiganja.

Lucreția aliposimama kuaga, kalamu na daftari vikiwa mfukoni, Smaranda alimsindikiza hadi mlangoni. Alisimama pale, mikono imelowa udongo mweupe mpaka vifundoni, asijue pa kuiweka.

"Utakuwa umemaliza kazi yako huku," alisema.

"Karibu nimalize."

"Pita tena, Inspekta. Leo imekuwa mkate mtupu. Ukija, nitapika."